Meza ya Asali

Gari jingine lilipunguza mwendo kule chini kwenye lami, likasita, kisha likakanyaga mafuta na kwenda zake.

"Wanatuchungulia tu hao," mfinyanzi alisema. "Wakishatuona tulivyo, wanashika njia."

Mama mfuga nyuki aliinyoosha tena kona ya kitambaa cha meza, ambayo haikuwa na kosa lolote, akaigeuza chupa ya asali ili jua liipige vizuri. Tangu asubuhi alikuwa ameigeuza mpaka chupa yenyewe imechoka.

Aliitaka siku hii ya maonyesho ifanikiwe kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Binti yake ndiye aliyeibuni. Alipita nyumba kwa nyumba akiwashawishi wote, mfinyanzi, mama wa siagi, wasusi wa vikapu, kwamba watu wa mbali wakikiona kijiji chao na kuonja vitu vyao, hawatakisahau. Lakini kabla ya yote, mama na binti walikaa jikoni wakakubaliana bila mzaha. Wageni wakija, binti atarudi kuishi hapa na kusimamia duka la pamoja. Wasipokuja, mama atafungasha, waende wote mjini. Mwaka uliopita aliugua peke yake humo ndani, na kama si mfinyanzi kuja kuomba kiberiti, wangemkuta amekauka. Binti alikuwa amechoka kulala na hofu hiyo.

"Na nyuki wangu je?" mama aliuliza siku ile.

"Mama, mimi nakaa ghorofa ya tatu."

"Ndiyo maana nauliza. Nyuki wangu je?"

Basi leo hakutaka kasoro hata moja. Meza yake ya zamani mchwa walikuwa wameila uso wote, ikabaki miguu mitupu. Kulipopambazuka alitoka, akarudi na ubao kichwani. Akaufuta vizuri upande wa juu, akaulaza juu ya ile miguu, akatandika kitambaa cheupe alichokitunza tangu harusi yake.

"Shemeji, leo una meza ya mkurugenzi!" mfinyanzi alimtania alipofika na vyungu vyake. "Umeiba wapi?"

"Nimeokota. Upepo wa jana si umetupa kila kitu njiani? Ulikuwa umelala kifudifudi kwenye tope, kama wewe ukitoka kilabuni."

Wakacheka wote. Saa hizo walikuwa bado wana nguvu za kucheka.

Sasa jua lilikuwa limeshavuka utosi. Siagi ilianza kulainika, mwenyewe akairudisha ndani na hakutoka tena. Wasusi walikuwa wamevifanya vikapu vyao viti. Hakuna aliyekuja, hata wa kuomba maji ya kunywa.

Binti alishuka kutoka kilimani alikokwenda kutafuta mtandao. Simu ilikuwa mkononi, na uso wake ulitosha kuwaambia.

"Sielewi," alisema. "Redioni nimetangaza wiki nzima. Kibao nimekiandika mwenyewe, nikakisimamisha mwenyewe pale njia panda. Mgeni apotee vipi?"

"Mimi kibao chako sijakitupia hata jicho," mfinyanzi alisema. "Nani anaelekezwa kwao? Lakini hao wenye magari wanakisoma, mwanangu. Wanakisoma, wanajiuliza huko porini kuna nini cha maana, basi, wanaondoka. Si unawasikia?"

Wakatega masikio. Kweli, kule chini lingine lilikuwa linanguruma polepole. Mama alisimama. Akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mmoja tu, Mungu wangu, aliomba moyoni. Hata awe mlevi. Hata awe amekosea njia.

Gari likaondoka.

"Mama," binti alisema taratibu, "tulikubaliana."

"Najua."

"Si kwamba nakulazimisha."

"Najua, mwanangu. Umejitahidi. Kama hawatutaki, hawatutaki, tutawafunga kamba?" Akageuka kwenda. "Ngoja nikawaage nyuki."

Alikaa huko nyuma ya nyumba muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi, ingawa hakuwa amewasha moto wowote. Binti alitazama pembeni. Alikuwa analia na yeye.

Mama akaanza kuzikusanya chupa zake, moja moja, akizipangusa kana kwamba kuna anayezisubiri.

"Mizinga nakuachia wewe," alimwambia mfinyanzi. "Usiifungue kwa pupa, watakuumiza. Zungumza nao kwanza."

"Shemeji, acha hayo maneno. Unataka nilie mbele za watu?"

"Watu gani? Wako wapi hao watu?"

Mama alikikunja kitambaa chake cha harusi, akakibana kwapani, akaupigapiga ubao kwa kiganja.

"Na huu pia chukua, utapangia vyungu. Ni ubao wa kweli huu. Mjini nitaupeleka wapi?"

Mfinyanzi akauinua, akaugeuza juu chini, akaubamiza ardhini mara moja kuondoa tope lililokaukia upande wa pili. Tope likabanduka vipande vipande. Zikatokea herufi kubwa nyekundu, mwandiko wa binti: KARIBUNI KWETU, MAONYESHO YAKO HUKU. Na mshale.

Kule chini kwenye lami, gari jingine lilipunguza mwendo.