Goroli Ndani ya Glasi

"Zile si risasi," mkuu wa polisi aliwaambia watu waliojaa ukumbini, kwa sauti ya kubembelezea watoto. "Ni goroli ndogo za chuma zilizotiwa umeme. Zinamshtua mtu, anaanguka, kisha anaamka. Yule binti alikuwa na moyo mbovu tu."

Bi Mwanahawa, aliyemwosha binti huyo asubuhi ile kabla ya maziko, alisimama bila kuomba ruhusa.

"Moyo wa Rukaiya ulikuwa mzima kuliko wako!" alisema akienda mbele. "Aliandamana kudai maji, mkampiga. Leo mnamsingizia ugonjwa?"

"Mama, kaa chini."

"Sikai!" Akafungua pindo la kanga yake, akatoa goroli. "Hii ilimtoka ubavuni nilipokuwa nikimmiminia maji. Niliishika kwa mkono uliolowa. Kama ina umeme, mbona haukunirusha?"

Watu wakaguna. Mkuu akatazama huku na huku.

"Umeme wake haujaisha, mama," alisema. "Ni hatari. Iweke chini."

"Haya, naiweka."

Akaidumbukiza kwenye glasi ya maji iliyokuwa mezani mbele ya mkuu.

"Sasa tia kidole. Anguka, halafu uamke, sote tukuone."

Goroli ilitulia kwenye kitako cha glasi. Mkuu alitaka kusema neno, akakohoa. Koo lilikuwa limemkauka. Akaitazama ile glasi, akakohoa tena.

Hakuna aliyeinuka kumletea maji mengine.