Kunde Zisizo na Nyama

Mwanapili alitia komeo mlango wa jiko, akafunua chungu cha kunde, akamimina ndani yake bakuli zima la shahamu ya ng'ombe iliyoyeyuka. Akakoroga mbio mbio. Akazidisha tui na tangawizi ili harufu isipande, akaongeza chumvi, kisha akaificha ladha yake kwa ndimu.

"Mama Ruweida, tayari?" mumewe aliita kutoka ukumbini.

"Tayari, Baba Ruweida. Nakuja."

Haroub alikula kwa hamu. "Kunde zako siku hizi tamu ajabu," alisema. "Mtu haikumbuki nyama kabisa."

Mwanapili, ambaye kwa ugonjwa wake wa sukari hula chakula chake mbali, aliinamisha uso.

Miaka yote ya ndoa yao, Haroub, dereva wa gari la abiria pale Kengeja, hakuwahi kuona wali bila nyama kuwa ni chakula. Madaktari walimwambia apunguze mwili na presha, akawacheka. Halafu tangu Rajabu akageuka ghafla. Nyama hataki, samli hataki, hata supu aliyokuwa akinywa asubuhi huku abiria wakipakia mizigo aliiacha. Akawa mtu wa mchicha, kunde na muhogo wa kuchemsha. Akishasali alfajiri huvaa raba na kukimbia, mtu mzima na kitambi chake, mpaka fulana iloe chapachapa.

"Mwili unanielemea," ndilo jibu lake kila akiulizwa.

Jirani yao, Khairiya, ndiye aliyemtia Mwanapili moto. "Shoga, mwanamme hajikondeshi bure. Wangu alianza hivi hivi. Kitambi kilipokwisha tu, akaniletea mke mwenza, kigori mbichi kabisa."

Mwanapili alimkatalia. Lakini jioni moja, akianua nguo, alimsikia Haroub nyuma ya nyumba akizungumza na simu, kwa sauti laini ambayo yeye mwenyewe hajaisikia tangu ujana.

"Usilie, mama. Wacha nipungue kidogo tu. Nikishakuwa sawa, shughuli inafanyika... La, yeye hajui lolote. Si nimekuapia?"

Nguo zikamponyoka Mwanapili, zikaanguka mchangani.

Hakumuuliza. Akiuliza atajibiwa, na jibu lenyewe hakuwa na nguvu ya kulibeba. Mamake alishafariki. Ruweida, mtoto wao wa pekee, alikuwa akisomesha Dar es Salaam, na Idi hii hata kuja hakuja. Alisema ana mitihani ya kusahihisha, akakata simu upesi. Mwanapili hakuwa na wa kumlilia.

Alijaribu kujipamba. Akafukiza udi, akavaa kanga mpya, akapaka hina mpaka vifundoni. Haroub alimbusu kwenye paji la uso, akamshukuru, akarudi kwenye mchicha wake. Mara mbili akapanda boti kwenda Dar kutafuta vipuri vya gari, na mara mbili akarudi mikono mitupu.

Basi kilichobaki ni chungu. Kama mume anapungua kwa ajili ya bibi harusi, hatapungua.

Na kweli hakupungua. Alikimbia, akala majani, akalala na njaa, na kitambi kikabaki pale pale. Kila akirudi kupimwa uzito kwenye duka la dawa, hurudi amenywea kama aliyetoka kuzika.

"Kwa nini mwili huu haunisikii?" alisema siku moja, na machozi yakamtoka, yeye ambaye hata mamake alipozikwa hakulia. "Nifanye nini zaidi, Mama Ruweida? Niambie. Nile mchanga?"

Neno lilimfika Mwanapili kwenye ulimi. Papo hapo simu ya Haroub ikalia, naye akainuka nayo, akatoka mbio nje akiufunga mlango nyuma yake. Mwanapili akalimeza lile neno. Akarudi jikoni akayeyusha shahamu nyengine.

Baada ya Idi Kubwa, Haroub alifunga mkoba.

"Naenda Dar. Safari hii ndiyo yenyewe," alisema. Akamshika mikono yote miwili. "Kama nimekukosea, niwie radhi."

Mwanapili aliijua sauti hiyo. Ndivyo waume wanavyoaga kabla ya kuoa.

"Nishakuwia radhi," alimjibu, na mlango ulipofungwa akakaa chini sakafuni. Siku zilizofuata hakula wala hakuoga. Alikuwa akisubiri kusikia hodi ya watu wawili.

Haroub alirudi peke yake, mchana wa jua kali. Aliutua mkoba kizingitini, akakaa papo hapo kama mzigo uliotupwa.

Mwanapili alimtazama, kisha akatazama njia nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Wamekukataa?" aliuliza polepole.

Haroub aliinua kichwa kwa mshangao. "Umejuaje?"

"Mie mkeo."

"Wamenikataa, Mama Ruweida. Wamenikataa kabisa."

Furaha ilimpanda Mwanapili kifuani mpaka akaogopa itaonekana. Alikaa karibu yake, akamwekea mkono mgongoni, mara ya kwanza kwa miezi mingi.

"Basi, yaishe," alimbembeleza. "Haikuwa riziki yako. Tuendelee na maisha yetu."

Haroub alimtazama kama anayemtazama mtu asiyemjua.

"Presha iko juu, na mafuta yamejaa kwenye damu," alisema. "Madaktari wamesema mtu kama mie hawamtoi figo." Akajifunika uso kwa viganja. "Na Ruweida hawezi tena kungoja."