Miale Arobaini na Moja

Mjinga wa siku ile alikuwa Qiu Dehai, na mwenyewe hakatai.

Saa nane mchana satelaiti ilileta taarifa ya mlipuko mfupi wa miale ya gama: nusu sekunde, basi. Dakika moja baadaye, madimbwi ya kunasia miale, nje ya kituo chao cha juu mlimani, yakanasa arobaini na moja, yenye nguvu ya kutisha. Mlipuko mfupi kuacha mwanga mkali namna ile? Hakuna aliyewahi kuuona.

"Kaka Qiu, tuwatangazie wenye darubini kabla haujafifia," alisema Luo Yinghe, mwenzake wa zamu.

Qiu akaweka sawa mpira wa oksijeni puani, akacheka. "Dada wee, mimi si wa kuja jana."

Kila mwaka mkuu wao, Mwalimu Ouyang, hubuni mlipuko mmoja, mpaka na taarifa ya satelaiti, akaupenyeza kwenye data, tarehe yake akaifungia kwenye bahasha. Huwapima watu wake hivyo. Mwaka jana Qiu alinaswa, akampigia hadi mama yake simu. Sasa mkataba wake unakwisha. Ugunduzi mmoja ungemwokoa; kichekesho kingine kingemzika.

"Mizuri mno hii," akasema. "Mbingu hazirembi hivi. Huyu ni Ouyang."

"Na kama siye?"

"Hata. Ukituma, jina langu lisiwemo!"

Luo akageuzia skrini upande wake, akachapa, kisha akanong'ona kwenye simu: "Ndiyo, Mwalimu. Amekataa."

Ahaa! Kumbe binti ni jasusi wa mzee. Qiu akampa mgongo, akafungua tambi zake, akazivuta kwa mlio wa makusudi.

Saa kumi Mwalimu Ouyang akaingia akihema, bahasha mkononi.

"Leo hunipati, Mwalimu!" Qiu akapiga meza. "Ifungue!"

"Utaniharibia mtihani, wewe." Lakini akaichana. Ndani, tarehe ya Jumanne ijayo.

Qiu akaisoma tarehe mara mbili. Akairukia kibodi. "Tutume sasa hivi! Mkuu wa zamu ni mimi, jina langu ndilo linalotangulia. Dada, sogea, mwanga unafifia!"

Luo hakusogea.

"Darubini sita zinautazama tangu saa nane na nusu, Kaka. Jina lako ulisema lisiwemo, na mimi sivunji amri ya mkuu wa zamu."