Tofali Lililobaki Majini

Siku kaka alipofariki, matofali yake matatu ya majaribio yalikuwa bado yamelowekwa kwenye beseni la maabara. Aliyachanganya mwenyewe, majivu ya tanuri yakichukua nafasi ya nusu ya saruji, na ilibidi yakae majini mwezi mzima ndipo yapimwe.

Kuyapima ni kuyabana kwenye mashine mpaka yavunjike. Mashine hiyo ni kazi yangu.

La kwanza lilistahimili. La pili lilipasuka mapema. Msimamizi wa kiwanda alikuwa amesimama mlangoni akisubiri la tatu, maana alitaka mawili yafaulu.

Nikalitoa majini. Upande mmoja lilikuwa na kishimo cha kidole gumba. Kaka alikuwa na tabia ya kubonyeza tofali bichi kuona kama limeanza kushika, mpaka tukambandika jina la Dole.

"Dada, ukitaka kubaki nalo, chukua," msimamizi alisema kwa upole. "Hakuna atakayekulaumu."

"Na kiwanda?"

"Kitaendelea na saruji kama zamani."

Kaka alizoea kunitania: "Mimi najenga, mdogo wangu anabomoa. Mama alizaa hasara."

Nikaingiza kidole changu kwenye kile kishimo. Kikapwaya. Nikalifuta tofali maji, nikaliweka kwenye mashine, nikawasha.

Siku hizi kiwanda kinafyatua matofali ya majivu kila asubuhi. Machache huletwa kwangu, nami nayavunja.