Maharagwe ya Zabibu

Jirani yangu Zabibu alinielezea habari hii siku ya Idi, mu 1975.

Tangu bwana yake avunjike mugongo ku mine ya shaba, mukojo ulikuwa unamutoka bila kujua. Miaka mbili hakuingia musikiti.

Infirmière, muuguzi wa dispensaire, aliomba bapime siku tano ni saa gani analowa. Zabibu hajui kuandika, kwa hiyo kila saa ya sala aliweka haragwe ku sahani, kila sala na mustari wake: nyeupe amekauka, nyekundu amelowa.

Infirmière alitazama sahani. "Adhuhuri tu ndiyo nyekundu. Mama, chai umupe mapema, na umupeleke choo mbele ya adhana."

Ijumaa bakamubeba musikiti. Bwana aliporudi, Zabibu alipapasa mukeka aliosalia, polepole, pembe zote.

"Unatafuta nini?" bwana akauliza.

"Muto Lubumbashi, kama haukupita hapa."

"Umekauka, bibi yangu."

Bwana akalala palepale juu ya mukeka, bila kitambaa cha mukojo chini.