Laptopu ya Harusi

"Futa kila kitu kilichomo, halafu uiwashe tena mbele yangu," alisema Farkhanda.

Shahbaz, mwenye duka, alicheka cheko la kulazimisha, lakini aliifuta. Laptopu ilipowaka, kioo kilionyesha jina la shule moja ya Marekani na kudai nywila ya shule hiyo.

"Hii bado ina mwenyewe," Farkhanda alisema, akaisukuma kando. "Nyingine."

Walikuwa wameshazunguka maduka kadhaa katika jengo lile la kompyuta la Lahore, na mdogo wake, Shagufta, alikuwa amechoka miguu na amechoka kuona aibu. Harusi ilikuwa Ijumaa. Ndugu walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba Zunaira akiolewa, masomo yake ya takwimu ndiyo basi, atakaa jikoni kama wenzake. Farkhanda alisimama katikati ya kikao akawaambia kwamba msichana huyo atamaliza chuo, na asiyetaka asije kula biriani. Walikuwa bado wamenuna, naye hakujuta hata chembe.

Laptopu ya pili ilikuwa nyembamba, ya kupendeza. Farkhanda aliuliza itaendelea kupata masasisho ya usalama hadi lini. Shahbaz akakohoa. Yalikwisha mwaka jana.

Ya tatu ilikuwa nene na pembe zake zimechubuka. Kazi zake zote ilizifanya kwenye intaneti, haikuwa na makuu. Lakini betri yake ilidumu kutwa nzima, na masasisho yake yalikuwa na miaka mingi mbele.

"Umeme ukikatika, msichana anaendelea kusoma," alisema Farkhanda. "Nachukua hii."

"Mama, mimi ni kama mwanao, nisikilize," Shahbaz alisema. "Vyombo vya bibi harusi vinapangwa watu wavione. Friji, kitanda, masufuria. Sasa katikati uweke hiki kitu cha watoto wa shule? Kinafungua intaneti tu! Bwana harusi atacheza michezo gani humu?"

"Akitaka michezo, akacheze kriketi barabarani. Yule namjua. Ukimpa mashine kubwa ataigeuza sinema."

"Dada, tutachekwa," Shagufta alinong'ona. "Jambo kama hili umeliona wapi?"

"Sijaliona popote. Ndiyo maana nalifanya."

Shahbaz alimwonea huruma Shagufta. Akashusha kutoka rafu ya juu laptopu kubwa inayong'aa, akaipangusa kwa mkono wa shati.

"Ongeza kidogo tu, mama, uchukue hii. Nimewaozesha dada zangu watatu, mambo haya nayajua. Mama mkwe akiiona hiyo uliyoshika, binti yako atasimangwa mpaka azeeke."

Farkhanda alipandwa na hasira ya kweli. Alikuwa na umri wa Zunaira wakati watu wa mumewe walipovifungia vitabu vyake kabatini, wakamwambia atavisoma watoto wakikua. Watoto walikua. Vitabu vililiwa na mchwa.

"Acha mama mkwe aseme," alijibu. "Mdomo ule naujua kuliko wewe. Hauzibiki."

"Haya, shauri yako." Shahbaz aliirudisha ile kubwa rafuni, akavuta karatasi ya dhamana. "Jina la bwana harusi?"

"Andika Zunaira."

"Bibi harusi mwenyewe?" Kalamu ilisimama hewani. "Ah, mama, hapo sasa umezidi! Unajitafutia ugomvi na watu usiowajua. Mama mkwe wake akija kuliona jina hilo..."

"Mama mkwe wake ameshaliona," alisema Farkhanda, akiweka noti za rupia juu ya kaunta. "Ndiye anayekulipa."