Ukumbi Usio na Vioo

Siwema alikuwa ametembelea kumbi mbili za dansi. Wa kwanza ulikuwa na vioo ukuta mzima, na ada yake ilikuwa nusu ya ile ya ukumbi wa pili. Akauchagua wa pili, wenye kuta tupu za chokaa, ingawa ada ya huko ilimlazimu kuuza cherehani yake.

"Nimepata pa bei nafuu," alimwambia binti yake, Raya, wakielekea kwenye somo la kwanza.

Raya alikuwa na miaka kumi. Tangu alipolipukiwa na jiko la mafuta, shavu lake la kushoto lilijikunja kama nailoni iliyoguswa na moto. Nyumbani kioo kilikuwa kimeondolewa. Mama alisema kimevunjika.

Mlangoni mwa ukumbi palibandikwa karatasi ya ada. Raya aliisoma hadi mwisho, akavua kandambili na kuingia. Akazitazama kuta zote nne, kisha akamgeukia mwalimu aliyekuwa akiwasubiri.

"Shikamoo mwalimu. Hapa mtu anajionaje?"

"Marahaba. Hapa hatujitazami, mwanangu. Tunasikiliza muziki."

Raya akamfuata mama yake kwenye benchi la nyuma, akamshika mkono, akamvuta hadi mbele kabisa.

"Kaa hapa, mama. Nitajiona kwako."

Muziki ukaanza. Raya akainua mikono yote miwili, macho yake yakiwa usoni pa mama. Siwema akalazimisha tabasamu, lakini midomo ikamtetemeka.

Raya akaona. Akashusha mkono mmoja, akafunika shavu la kushoto, akaendelea kucheza kwa ule uliobaki.